Mlezi Ameitwa

Mkono wa Tausi ulivunjikia bafuni, asubuhi ambayo Mzee Magige aliamua kwamba haogi.

Si kwamba Mzee Magige alikuwa mkorofi. Alikuwa mtu wa mifupa mirefu na mizito, aliyewahi kuendesha trekta la ushirika wa pamba, na kuna siku aliamka akiamini trekta bado linamsubiri. Siku hiyo alikuwa amekwisha kupakwa sabuni mwili mzima ndipo akakumbuka kazi. Akasimama ghafla. Sakafu ilikuwa na maji. Tausi akamdaka, akamgeuza ili kichwa kisipige ukuta, na wote wawili wakaenda chini, mzee juu, yeye chini, na mkono wake wa kulia chini ya yote. Mzee hakupata hata mchubuko. Alikaa pale na povu lake, akamtazama, akauliza, "Mlezi, mbona umelala?"

Ndivyo walivyomwita. Katika Kituo cha Wazee Jua la Jioni, pale Butiama, ambako majabali yametulia mashambani kama ng'ombe waliolala, wazee hawakushika majina ya waliowahudumia. Walishika neno moja. Mlezi, maji. Mlezi, shuka limelowa. Mlezi, nani amezima redio? Tausi alikuwa ameliitika neno hilo kwa miaka mingi, usiku na mchana, hata nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Mwisenge mjini Musoma, mtu akisema "mlezi" redioni, yeye hugeuza shingo.

Lakini kituo kilikuwa na mlezi mwingine. Kama ilivyo kwa kila kikundi, iwe kwaya au timu ya mpira, nacho kilijitafutia mtu mwenye uwezo, wa kualikwa kwenye sherehe, aketishwe kwenye kiti chenye kitambaa na kuombwa neno. Huyo alikuwa Bwana Wenceslaus Mugeta wa Bunda, muuza saruji na mabati. Alikwisha kukitolea kituo tangi la maji na, mara kwa mara, gunia la unga. Hakuna aliyeona ubaya watu wa aina mbili kuitwa jina moja. Aliyeosha alikuwa mlezi, na aliyekata utepe alikuwa mlezi, na nani anasemwa ungemjua kwa kuangalia viatu.

Hospitali ya Musoma walimpiga Tausi picha ya mkono. Daktari, kijana mwenye sauti ya uchovu, alimwonyesha: mifupa yote miwili kati ya kiwiko na kiganja ilikuwa imekatika na kupishana.

"Huu unataka chuma," alisema. "Na mapema. Ukichelewa utajiunga wenyewe, na mfupa ukijiunga wenyewe haukuulizi unataka ukae vipi."

Bei ya chuma aliyotajiwa Tausi ilikuwa ya mtu mwenye mshahara, na yeye hakuwa na mshahara. Alikuwa na posho. Bima hakuwa nayo, kwa sababu kwenye makaratasi alikuwa mtu anayejitolea. Walimfunga ubao na bandeji, wakampa vidonge vya maumivu, wakamwambia arudi akiwa tayari.

Mama yake, Bi Safina, alitaka waende Bukima. "Kuna fundi wa mifupa kule. Anaushika, anauvuta, anafunga na magome. Kuku mmoja tu anataka."

"Mama, mifupa imepishana."

"Ya baba yako haikupishana? Si alitembea mpaka akafa?"

"Alitembea akichechemea mpaka akafa. Mimi nainua watu, mama. Mkono ukikaa kombo, kazi sina." Kisha akamwambia kilichomtia moyo. "Kuna Mfuko wa Pole. Tunachangaga wenyewe, kila mwezi tunakatwa kwenye posho. Ni kwa ajili ya mambo kama haya. Mama Eufrasia ameshapeleka maombi yangu."

Mama Eufrasia ndiye aliyekuwa msimamizi wa kituo. Na ni kweli, maombi aliyapeleka siku ileile, wala hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Mfuko wa Pole ulianzishwa kwa ajili ya wanaohudumia wazee, walemavu na yatima katika vituo vya mkoa huo, mmoja wao akipatwa na dharura asiachwe akahangaike barabarani. Walezi walichanga kidogo, wafadhili wakaongeza. Ofisi yake ilikuwa Mwisenge, mwendo mfupi kutoka kwa Bi Safina, na katibu wake, Evance, alikuwa kijana wa adabu.

Tausi alipokwenda kuulizia, Evance alimvutia kiti.

"Pole na mkono, dada."

"Nimeshapoa, kaka. Nimekuja kuulizia yale maombi."

Evance akageukia kompyuta, akabofya, akatabasamu. "Mbona yako ilishapita! Kamati imeapruvu, na hela ilitoka wiki iliyopita. Hii hapa: mlezi, Jua la Jioni, Butiama. Na imepokelewa."

"Kwangu haijaingia."

"Mtandao huo. Huwaga unasumbua. Zima simu, halafu washa."

Tausi akazima simu kwa mkono wa kushoto, akawasha. Wote wawili wakaikodolea macho. Ikaingia meseji, na moyo wake ukaruka. Ilikuwa tangazo la kubeti.

"Basi vumilia," alisema Evance. "Ikishasomaga hivi haipoteagi."

Akavumilia. Hakuwa mtu wa kumdhania mwenzake vibaya. Kila simu ilipolia alifuta kiganja kwenye kanga kabla ya kuitazama, na kila mara ilikuwa kampuni ya simu inamtakia siku njema. Aliporudi ofisini alikuta Evance yuko safarini, na aliyekuwepo alimwambia kwamba lake limekamilika, labda asubiri. Uvimbe ukapungua. Kisha maumivu nayo yakapungua, na hilo likamtisha kuliko maumivu yenyewe. Alijua maana yake. Kule ndani, chini ya bandeji, mfupa ulikuwa umechoka kumsubiri.

Ikafika sherehe ya Siku ya Wazee.

Alikwenda kwa sababu wazee walikuwa wakimuulizia. Kituo kilikuwa kimefungwa maturubai, viti vya plastiki vimepangwa, na ng'ombe amechinjwa. Waliita Muislamu wa kuchinja, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Watumishi wote walipewa fulana nyeupe zenye picha ya Bwana Wenceslaus kifuani, na chini yake maandishi: MLEZI WETU, FAHARI YETU. Ya Tausi haikupita kwenye ubao wa mkono. Rhobi, mlezi mwenzake, akachukua mkasi akaipasua ubavu mzima.

"Umemkata sikio mheshimiwa," alinong'ona Tausi.

"Analo jingine," alijibu Rhobi, na wakacheka.

Pilau lilipofika, Tausi alisita. Tangu utoto hajawahi kupeleka chakula kinywani kwa mkono wa kushoto mbele za watu. Nyumbani mama yake alimlisha. Rhobi akamtilia kijiko mkononi.

"Kula na huohuo. Mungu si anaona bandeji?"

Akala. Nyama ilikuwa laini. Alikula kwa njaa ya mtu ambaye kwa muda mrefu amekunywa uji wa kuazima, na ndipo Mama Eufrasia akasimama, akagonga kipaza sauti kwa ukucha.

"Ndugu wageni, kabla ya neno la mlezi wetu, niwaambie siri. Ng'ombe huyu mnayemla, na hizi fulana, havikutoka hivihivi. Mlezi wetu alitumiwa fedha na Mfuko wa Pole. Zilikuwa zake, kwa cheo chake. Angeweza kuzitia mfukoni akanyamaza. Lakini alinipigia simu akasema, Mama Eufrasia, zote ziende kwa wazee. Makofi tafadhali!"

Makofi yakapigwa. Kina mama wakapiga vigelegele. Tausi alikuwa na nyama mdomoni. Alijikuta hawezi kuimeza wala kuitema. Rhobi alikuwa ameacha kutafuna.

"Tausi," alisema Rhobi polepole. "Hizo si zako?"

Akaimeza. Akasimama. Hakuwa amepanga kusimama. Miguu ilitangulia.

"Samahani, Bwana Wenceslaus. Naomba kuuliza. Hizo fedha ulipewa pole ya nini?"

"Tausi, kaa," alisema Mama Eufrasia kwenye kipaza sauti. "Maswali baadaye."

"Mwache aulize," alisema Bwana Wenceslaus. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, asiye na kiburi cha wazi. "Binti yangu, mwezi uliopita lori langu lilipinduka pale Balili. Saruji yote ikalowa. Siku hizohizo naona ujumbe: msaada wa dharura kwa mlezi, pole sana. Nikasema, kumbe watu wana utu! Hata sisi wenye nacho tunaumiaga, jamani."

Watu wakacheka, kicheko cha kumpenda.

"Ujumbe ulitaja lori?"

"Ulitaja mlezi." Akawageukia wageni, akafungua mikono. "Jamani, mlezi wenu ni nani?"

"Weweee!" waliitikia, kama walivyofundishwa asubuhi.

Tausi akainua mkono wake wenye ubao. Aliuinua kadiri ulivyokubali, yaani si juu sana.

"Mimi nilivunjikia humu," alisema. "Bafuni, nikimuosha Mzee Magige. Nikaomba pole kwa mfuko ninaouchangia kila mwezi. Wakaniambia imetumwa kwa mlezi. Nimekaa na simu hii kama mwehu, nikingoja mfupa wangu uingie."

Mama Eufrasia aliteremsha kipaza sauti. "Basi ofisi ya Musoma ilikosea namba. Bahati mbaya. Lakini hakuna haja ya kuaibishana mbele ya wageni, mwanangu. Tutaongea ofisini."

Bwana Wenceslaus alikuwa ameona haya, na kama watu wengi wanaoona haya, akatafuta mzaha. "Sasa binti yangu, ningejuaje? Ng'ombe ameshaliwa. Na wewe mwenyewe naona sahani yako haijabaki kitu."

Wachache wakacheka. Kicheko kile Tausi angekisamehe kwa watu waliolewa, lakini pale palikuwa na soda tu. Akaitazama sahani. Ni kweli. Alikuwa ameula mkono wake mwenyewe, kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na alikuwa ameuona laini. Akakaa.

Ndipo Mzee Magige, aliyekuwa mstari wa mbele na kofia ya karatasi kichwani, akainua kidole.

"Mlezi! Mlezi wee! Nimebanwa!"

Rhobi akaweka sahani chini, akaanza kuinuka. Tausi akamwekea mkono gotini.

"Kaa."

"Tausi, atajikojolea."

"Mlezi ameitwa," alisema Tausi. Hakupaza sauti, lakini pale kimya kilikuwa kingi na neno likafika mbali. "Si mimi, si wewe. Mlezi ni yule pale, tumeulizwa sasa hivi na tumejibu."

Mzee akaita tena. Mara hii sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyeona kwamba nyumba haina mtu. Katika miaka yake yote Tausi hakuwahi kumwacha aite mara mbili. Aliuma mdomo. Alijua kwamba anamtumia mzee kama fimbo, na kwamba fimbo haina kosa, na bado hakuinuka. Bwana Wenceslaus alimtazama Mama Eufrasia. Mama Eufrasia aliwatazama wageni. Wageni wakatazama soda zao.

Na ni haki lisemwe: Bwana Wenceslaus aliinuka. Alivuka uwanja na suti yake, akamshika Mzee Magige kiganja, akavuta.

"Si mkononi!" Tausi alisema kutoka alipokaa. "Utamng'oa bega. Piga goti kwanza, akuone uso. Halafu kwapani, kote kuwili."

Akapiga goti. Akamkumbatia kwapani, akainua, akayumba, wakasimama wote wawili wakihema. Walifika katikati ya uwanja, wakachelewa. Suruali ya mzee ikalowa, na kiatu cha Bwana Wenceslaus kikalowa pamoja nayo. Mzee Magige alimtazama usoni kwa muda, bila hasira.

"Wewe si mlezi," alimwambia. "Mlezi ana mikono."

Hapo Tausi akashindwa kukaa. Akawafuata bafuni. Kwa kuwa mkono hakuwa nao, alitumia mdomo: vua viatu, utateleza. Maji ya uvuguvugu, si ya baridi. Anza miguuni. Mwambie unachofanya kabla hujafanya. Bwana Wenceslaus alitii, magoti kwenye maji, koti limetundikwa msumarini.

"Ni humu?" aliuliza baadaye, bila kuinua kichwa.

"Hapo ulipopiga goti."

Akaendelea kusugua. Kisha akasema, kwa mshangao wa kweli, "Kumbe hii ni kazi."

Neno hilo lilimuumiza Tausi kuliko mzaha wa sahani. Miaka yote hiyo mtu huyu alikuwa ameitwa jina lake, akapigiwa makofi kwa jina lake, akalipwa pole yake, na leo ndiyo kwanza anasema kumbe.

Alipompigia Evance, kijana wa watu alikuwa karibu kulia. Alikiri: kwenye kompyuta kila kituo kilikuwa na namba moja tu iliyoandikwa "mlezi", na hakuna aliyeuliza ni mlezi yupi. Lakini kamati ilikuwa imeshakaa.

"Wanasema mfuko hauwezi kulipa mara mbili, dada. Kwenye sistimu inasoma mlezi ameshahudumiwa. Unaweza kuomba upya robo ijayo."

"Evance. Mfupa unaijua robo?"



Siku chache baadaye Bwana Wenceslaus akamwita dukani kwake Bunda. Tausi alikwenda na mama yake. Walimkuta amesimama mbele ya rundo la mabati, bahasha mkononi, na kando yake mpiga picha, na nyuma yake bango lenye sura yake: MLEZI WETU, FAHARI YETU.

"Binti yangu, zimetimia zote," alisema. "Sikutaka ulale na kinyongo. Sasa simama hapa, mkono huo uonekane vizuri. Picha moja tu, ya kumbukumbu."

"Bwana Wenceslaus, hizo hela ni zako au ni zangu?"

Akafikiri. Inaelekea hakuwa amejiuliza. "Ni… ni zako."

"Mtu anarudisha cha mwenzake, anapigwa picha?"

Mchukuzi mmoja aliyekuwa juu ya mifuko ya saruji akacheka kwa sauti. Bwana Wenceslaus akamkemea ashuke. Kisha akamtazama mpiga picha, akamwonyesha kwa kichwa aondoke. Bahasha akampa Bi Safina, kwa mikono miwili.

"Mimi sikuwa na nia mbaya," alisema.

"Najua," alijibu Tausi, na hilo lilikuwa kweli. "Ndiyo maana imechukua muda mrefu hivi."

Wakaondoka kwenda Musoma, moja kwa moja hospitali.

Daktari yuleyule aliinua picha mpya dirishani. Alikaa nayo sana.

"Umejiunga," alisema. "Kombo. Nilikwambia uje mapema, dada. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasubiri."

"Itabidi tuuvunje upya, ndipo tuweke chuma. Na siahidi kitu. Kuinua sufuria, sawa. Kuinua mtu mzima, tutaona."

"Kuuvunja tena?" Bi Safina alishika kichwa. "Kwa kosa la nani? Mtoto huyu amefanya nini?"

Nesi akavuta kalamu ili amuandikishe. Jina. Umri. Mahali anapoishi.

"Kazi?"

Tausi akafungua mdomo, neno likiwa tayari ulimini kama siku zote. Akalirudisha.

"Ninaosha wazee," alisema. "Ninawalisha. Usiku ninawageuza wasitoke vidonda. Wakianguka, ninaanguka chini yao."

Nesi aliinua macho. "Dada, nafasi yenyewe ni ndogo. Si niandike mlezi tu?"

"Hapana. Andika hivyo nilivyosema."

"Itatoka nje ya mstari."

"Itoke."

Nesi akaandika, akibana herufi, hadi ukingo wa karatasi. Tausi alingoja mpaka alipomaliza neno la mwisho. Kisha akaulaza mkono wake mezani, wauvunje.